Mama Mkubwa Aliyerudi Mdogo

Nyumba ya Waliorudi, Chumba cha 9
4 Machi

Kitinda mdogo wangu,

Nimerudi. Najua umeshaambiwa, maana watu wa chombo cha angani walisema wamepiga simu kwenye duka lako la miwani, na aliyepokea aliuliza kama wana uhakika. Nikacheka. Tangu utoto ulikuwa hivyo, ukipewa pipi unauliza imetoka wapi.

Sisi simu haturuhusiwi bado. Daktari anasema waliotutangulia kurudi waliwashiwa kioo cha simu siku ya kwanza, wakaona ndugu zao wamezeeka ghafla, na wengine akili hazikukaa sawa tena. Kwa hiyo sasa wanaanza na barua. Barua haina makunyanzi, ndivyo alivyosema.

Chumba changu kina kitanda, kiti na dirisha linalotazama sehemu ya kufulia. Mwili umekuwa mzito kama gunia la mchanga uliolowa. Natembea nimeshika ukuta.

Unajua jinsi mambo yalivyokuwa. Chombo kikienda kasi ile, saa za ndani hujivuta na za nyumbani hukimbia. Walituahidi miaka mitatu kwetu, minane kwenu. Halafu injini ya pili ikatukatalia huko mbali, tukazunguka njia ndefu, na mimi na mafundi wenzangu tukachomelea mabomba yaleyale mpaka vidole vikafa ganzi. Kwetu ilikuwa mwaka mmoja tu wa kuchelewa. Niliondoka na miaka ishirini na miwili, nimerudi na ishirini na sita. Nilikuacha una kumi na saba, sare ya shule ina doa la wino mfukoni. Wananiambia sasa una arobaini na minne. Kila nikikuwaza unavaa sare ileile, nimeshindwa kukuvua.

Karani wa vitambulisho alibishana na mashine yake nusu asubuhi. Kwanza ilisema nimekufa. Ilipokubali kuwa mimi ni mzima, ikataka kunipa kadi ya wazee. Yule karani akaniangalia, akaangalia kioo cha mashine, akasema kwa upole, "Dada, rudi kesho."

Mama hajambo? Walionipa anwani yako hawakunipa ya kwake. Na Njiti, binti yangu? Nilimwacha ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Anajua narudi? Mwambie nakuja. Au usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Dada yako


Duka la Miwani
15 Machi

Dada,

Barua yako nimeisomea dukani. Niligeuza kibao cha mlangoni kikaonyesha tumefunga, na nimekiacha hivyo mpaka sasa.

Nianze na zito. Mama alifariki, ni miaka mingi sasa. Aliteleza kwenye ngazi akigombana na fundi aliyezipaka rangi vibaya, na hakuamka. Hakufa akikulilia, usijibebeshe hilo. Alikuwa ameshakulilia akamaliza, mwaka ule mawasiliano yenu yalipokatika wakatangaza chombo kimepotea.

Njiti ni mzima. Ni fundi wa lifti, anaishi mji wa pili, hupanda juu ya maghorofa na kamba kiunoni, na mimi silali sawasawa. Ana miaka ishirini na minane. Ndiyo, amekuzidi miwili.

Sasa nisikilize. Ananiita Mama.

Chombo kilipotangazwa kimepotea alikuwa na miaka minne. Alikuwa ameshaanza kuniita hivyo, sisi tukimsahihisha. Mama yako yuko angani, mimi ni mama mdogo, na kadhalika. Siku ile tukaacha kumsahihisha. Hatukukaa kikao. Aliniita jikoni, nikaitika, Mama akaniangalia, akaendelea kuosha vyombo. Basi.

Wewe anakujua. Picha yako iko sebuleni, umevaa ile helmeti ya kuchomelea imeinuliwa juu. Wewe ni Mama mkubwa aliyepotea huko juu. Anakupenda kama watoto wanavyompenda mtu ambaye hajawahi kuwakemea.

Njoo nyumbani. Chumba kipo, nimekipanga. Lakini uje kama Mama mkubwa. Niliacha shule kwa ajili ya yule mtoto, na mengine niliyoyaacha nitakwenda nayo kaburini. Sikuombi msamaha, Dada, na sikuombi ruhusa. Nakueleza tu nyumba unayoingia ikoje.

Kitinda
(siku hizi hakuna anayeniita hivyo, lakini sawa)


Nyumba ya Waliorudi
24 Machi

Kitinda,

Ulinizika kabla sijafa, ukarithi. Picha sebuleni! Ningekuwa nimekufa kweli ungeniwekea na maua.

Ni mwanangu. Nakuja na nitamwambia mlangoni, kabla sijavua viatu.


Nyumba ya Waliorudi
26 Machi

Kitinda,

Ile barua ya juzi ichane.

Jana tulishushwa bustanini. Kulikuwa na mwenzangu wa chombo, mpishi wetu, mtu wa mizaha mingi. Mwanawe alikuja kumwona, mtu mzima mwenye kipara, na mpishi alimkimbilia akamkumbatia huku akimwita jina la utotoni. Yule mwana alisimama mikono imening'inia. Alikuwa na adabu sana. Adabu ile ndiyo iliyonitisha.

Nitakuja kama ulivyosema. Nipe tu muda nizoee neno lenyewe. Nimelisema mbele ya kioo mara kadhaa, Mama mkubwa, Mama mkubwa, na kinachoonekana kiooni ni binti aliyekonda.

Kuhusu Mama sijaweza kulia. Kwangu ni kama aliniaga juzijuzi, akanifungia mkate kwenye karatasi.

Dada yako


Mji wa pili, karakana ya lifti
13 Aprili

Mama mkubwa, shikamoo!

Mama anasema ni lazima nikuamkie kwa heshima zote ingawa mimi ndiye niliyekula chumvi nyingi kati yetu. Kwa hiyo shikamoo, na ukiitikia marahaba uitikie kwa sauti nzito nikuamini.

Nakuandikia nimekaa juu ya paa la lifti ya hospitali. Imekwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita. Ndani yuko mhasibu mmoja ananisimulia matatizo ya ndoa yake kupitia tundu la hewa. Nimemwambia vumilia, nasubiri kipuri. Ukweli nilitaka nimalize barua.

Nimekua nikikusikia. Nikiwa mdogo nikikataa kuoga, bibi alikuwa akisema, "Mama yako mkubwa huko aliko hana maji ya kuchezea hivi." Nikichana nguo, ni kwa sababu nimekufuata wewe. Nikijibu watu hovyo, ni wewe. Mama hakuwahi kupanda hata ngazi ya duka lake bila kushika kitu, bibi naye hivyohivyo, sasa mimi nimetoka wapi na hii tabia ya kupenda juu? Kumbe kuna mtu. Hujui nilivyofarijika.

Sasa siri. Nimeomba nafasi kwenye chombo kinachoondoka Oktoba, na wamenikubali. Mafundi wanaoweza kufanya kazi wananing'inia ni wachache, wakaniona lulu. Nitamwambia Mama mwenyewe, ila si sasa, acha kwanza afurahie kurudi kwako. Wewe peke yako ndiye unayejua. Najua utanielewa, maana ndivyo ulivyofanya.

Nitakuja mwezi wa sita ukiwa nyumbani. Nitakuletea maswali gunia zima.

Wako,
Njiti


Nyumba ya Waliorudi
22 Aprili

Njiti,

Marahaba, kwa sauti nzito kuliko zote.

Mhasibu alitoka? Nilicheka mpaka nesi akaja kuangalia.

Siri yako nimeifunga. Sijui kama nimefanya vizuri. Nilipaswa kukwambia mambo mawili matatu kuhusu safari ile, kwamba ukirudi utazikuta namba za simu zote ni za watu wengine, na kwamba utasimama mtaani kwenu ukiuliza njia. Lakini ni mara ya kwanza tangu nitue mtu kunipa kitu cha kumtunzia, na sina nguvu ya kukirudisha.

Tutaongea ukija. Fikiria tena kidogo, kwa ajili yangu.

Mama mkubwa


Nyumba ya Waliorudi
3 Julai

Kitinda mdogo wangu,

Nimerudi salama kwenye vipimo. Daktari anasema mifupa inashika, moyo bado unapiga kivivu.

Ahsante kwa zile wiki tatu za nyumbani kwako. Nilikuaga kwa haraka, na mengine sikuyasema, kwa hiyo nayasema hapa.

Siku ya kwanza, uliponifungulia mlango, sikukutambua. Nilidhani ni Mama. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwite, ndipo ukaniuliza kama nimechoka, kwa ile sauti yako ya kudai maelezo. Ulidhani nalia kwa furaha ya kufika.

Ile asubuhi niliyosema nakwenda kunyoosha miguu, nilikwenda kwenye karakana yetu ya zamani. Wamebaki na ukuta mmoja, ndani wanaegesha magari. Nilikutana na rafiki yangu wa kuchomelea, yule mfupi tuliyekuwa tukimwita Koleo. Ana wajukuu. Alinikazia macho, akanisogelea, akanishika mkono. "Umefanana sana na marehemu mama yako," akasema, "alikuwa na mkono mtulivu kuliko sisi wote." Nikamwambia ndiyo, wengi husema. Akanipa chungwa. Nimelila njia nzima kurudi, na sijui nilikuwa nani wakati huo, binti wa marehemu au marehemu.

Na Njiti. Nilijitahidi, uliniona. Aliponitania mbele ya jirani kwamba anaomba ruhusa kwa Mama mkubwa aende dukani, na jirani akacheka akidhani mimi ndiye mtoto wako wa mwisho, nilicheka nao. Lakini jioni ile aliyolala kwenye kochi na viatu, nilikwenda kumvua, nikaona kidole kidogo cha mguu kimelala juu ya mwenzake. Cha kwangu kiko hivyohivyo. Nilisimama pale na kiatu mkononi kama mwizi. Ukatokea na shuka, ukamfunika, ukampapasa kichwa mara moja bila hata kufikiri, akageuka upande wa mkono wako akiwa usingizini.

Mimi nimemzaa. Mkono anaoujua ni wa kwako. Nimeliona hilo kwa macho yangu na sitalibisha tena.

Sina mbele wala nyuma, Kitinda, lakini sikulaumu.

Hapa wamenipa kazi ndogo. Bomba la mvuke la dobi lilipasuka, fundi wao hakujua aanzie wapi, nikalichomelea. Mabomba angalau hayajabadilika.

Dada yako


Duka la Miwani
20 Julai

Dada,

Ulijua.

Njiti amenipigia simu jana akiwa na furaha ya mtu aliyekunywa. Chombo, Oktoba, mkataba umesainiwa. Akasema nisiogope, Mama mkubwa anajua tangu Aprili na hakumkataza.

Tangu Aprili. Ulikaa mezani kwangu wiki tatu, ukala, ukacheka, ukanipa pole ya kuinama kwenye vioo siku nzima, na ulijua mtoto anaondoka. Wewe unajua kuliko mtu yeyote maana yake ni nini. Nimemuuliza watarudi lini. Miaka ishirini na mitano au zaidi kwa saa za huku. Nitakuwa na sabini, nikijaliwa. Mama hakufika huko, wala bibi hakufika.

Sikuandikii kukutukana. Nimeshakutukana hapa peke yangu na nimechoka. Nakuomba kitu kimoja. Mwambie. Mwambie yote, kwamba wewe ndiye uliyemzaa, na kwamba uliondoka. Anakwenda kwa sababu anakufuata wewe, yule wa kwenye picha. Ajue huyo wa kwenye picha alimwacha nani. Akinichukia, anichukie. Akikuchukia, atabaki. Mtu mwenye hasira hubaki angalau agombane.

Nilikuwa nimekuzuia, sasa nakusukuma. Maji yamenifika shingoni, Dada.

Kitinda


Nyumba ya Waliorudi
29 Julai

Njiti,

Kaa chini usome. Usisomee juu ya lifti.

Mimi si Mama mkubwa wako. Mimi ndiye niliyekuzaa. Aliyekulea, anayekulea mpaka leo, ni mdogo wangu, alikuwa na miaka kumi na saba tu alipokuchukua mikononi. Hakukuiba. Walitangaza nimekufa na wewe ukahitaji mtu wa kuitika. Akaitika.

Baba yako alikuwa fundi mwenzangu. Aliposikia nina mimba alihama karakana, akahama na mji. Ulizaliwa kabla ya siku zako, mdogo kuliko kiatu changu, ukawekwa kwenye sanduku la vioo la hospitali, na ndipo jina la Njiti lilipotokea. Walikuwa wakiniruhusu kuingiza mkono kwenye tundu nikuguse kwa kidole kimoja. Mkono uliozoea moto nikauchomoa upesi. Nilikuogopa. Ulipotoka mle, ukanenepa, ukaanza kucheka, bado nilikuogopa. Kisha chombo kikatangaza kinataka wachomeleaji.

Wewe umesema utanielewa kwa kuwa ndivyo nilivyofanya. Basi uelewe vizuri. Hakuna aliyenilazimisha. Hatukuwa na njaa. Nilitaka kwenda. Nilijiambia miaka minane utakuwa bado mtoto, nitakukuta unacheza, nitakuwa nimekomaa, nitaanza upya. Nilikuwa nikikuwaza kila siku huko juu, na ilikuwa rahisi, kwa sababu mtoto unayemwaza halii.

Nimerudi nimemkuta mwanamke anayenizidi umri, anayenifurahisha kuliko watu wote niliowahi kukutana nao, na sina hata siku moja ya utoto wake. Mama yako anazo zote. Ukienda, ukarudi, yeye huenda hayupo, na utabaki na mimi nisiyejua hata ulipotoka meno.

Mama yako ameniomba nikwambie. Lakini ningekwambia hata hivyo, siku moja. Nadhani.

Usiende, Njiti.

Dada wa mama yako, na aliyekuzaa


Mji wa pili
18 Agosti

Nimesoma.

Nimekaa na hiyo karatasi siku nyingi, nikawa nakwenda kazini, narudi, naikuta palepale. Nilimpigia Mama, nikamuuliza neno moja tu, kweli au si kweli. Akasema kweli. Halafu akanitumia barua zako zote.

Nimegundua mlikuwa mnaandikiana kuhusu mimi tangu Machi. Nani aniite nini, nani aje kama nani, nani aniambie na lini. Mmoja anaficha, mwingine anakubali kuficha, kisha mambo yanapowaharibikia mnanitupia ukweli kama kamba ya kunifungia nyumbani. Mlidhani nitabaki. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi ya mengine. Hata ukweli hamkunipa kwa ajili yangu.

Nilitaka kwenda kwa sababu nilikuwa na mtu wa kufanana naye. Sasa sijui nafanana na nani na sitaki kujua nikiwa hapa, kati yenu, mkinisoma vidole.

Naenda. Usije kuniaga. Mama amesema atakuja, na huyo siwezi kumkatalia.

Njiti


Duka la Miwani
2 Oktoba

Dada,

Nimemwona. Waliruhusu saa moja kwenye chumba chenye meza ndefu, kila familia na kona yake. Amenyoa nywele, amefanana na yule mtoto wa sandukuni. Hatukugombana. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nikakosa hata huo. Aliniuliza kama nimelipata lile jozi la fremu lililopotea dukani. Nikamwambia lilikuwa nyuma ya droo. Tukazungumza habari za droo. Alipoinuka alinikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda, akaninyooshea mwenyewe, akanivisha.

Hakukutaja. Nakwambia ili usikae ukisubiri niseme alikutaja.

Nilidhani nilikuwa na hesabu nzuri, Dada. Nilikosea, na sasa tumemkosa wote wawili.

Nimefunga duka mapema leo, halafu nikabaki nimesimama nyuma ya kaunta sijui nipande nyumbani huko juu nikafanye nini. Daktari wako amesema uko huru kutoka tangu mwezi uliopita, kwa nini bado uko huko unachomelea mabomba ya dobi? Chumba kipo palepale. Safari hii njoo kama ulivyo. Jirani akiuliza nitamwambia ni dada yangu mkubwa, ajivunje kichwa mwenyewe.

Kitinda


Kambi ya kuondokea
11 Oktoba

Kwako,

Sijui nianze vipi kwa hiyo nimeandika hivyo hapo juu.

Tumefungiwa tangu juzi. Tunalala sita chumba kimoja. Wenzangu wanaandika barua ndefu kwa watoto wao, mmoja ameandika kumi na tano, kila moja ya siku ya kuzaliwa, amezipanga kitandani. Nimemwangalia usiku mzima. Hana ubaya wowote yule mama. Anaimba akiandika.

Hasira haijaisha. Sitaki udhani imeisha. Lakini kuna kitu kimenikaa kooni na nikipanda nacho kitanikaa huko miaka yote, na Mama siwezi kumuuliza kwa sababu atanijibu kwa huruma.

Siku ile ulipoondoka, nilikuwa nimelala, au nilikuwa nalia?

Milango inafungwa tarehe kumi na saba.

Njiti


Nyumbani, juu ya duka la miwani
15 Oktoba

Njiti,

Barua yako imepitia kule nilikohama, imenifikia mchana huu. Msambazaji anasema yangu ikiondoka sasa huenda ikakuwahi, huenda isikuwahi. Kwa hiyo sizunguki.

Hukuwa umelala. Huko juu nilikuwa nikijiambia ulikuwa umelala, nikakaribia kuamini. Ulikuwa macho. Ulikuwa umekaa mapajani mwa mama yako, sakafuni, unatafuna ufunguo wa baiskeli. Nilikubusu shavuni, ukajifuta kwa kiganja, ukaendelea na ufunguo wako. Hukulia. Nilifika mlangoni nikasimama. Nilijua ukilia nitageuka, na nilisubiri ulie. Hukulia. Nikaichukua kama ruhusa, nikatoka.

Ulikuwa na mwaka mmoja. Nilimtwika mtoto wa mwaka mmoja uamuzi wangu, na hilo ndilo sikukuandikia Julai.

Kwa hiyo wewe usisubiri mtu alie. Kama unataka kwenda, nenda kwa sababu unataka. Kama unataka kugeuka, geuka, hata mlango ukiwa umebaki upenyo, na hakuna hapa atakayekuuliza neno. Sikuombi tena ubaki. Sina haki hiyo, na nilipoitumia uliona ilikoishia.

Nimehamia kwa mama yako. Asubuhi nasaga vioo naye, napasua vingi, ananisema. Jana mteja alimwambia amepata msaidizi kijana, akamjibu kwamba huyu ni dada yake mkubwa na ana kichwa kigumu tangu zamani. Hatusemi sana habari zako. Nikianza hesabu ya miaka ya kurudi kwenu anainuka kwenda kufuta vioo ambavyo vimeshafutwa. Anaijua hesabu ile kuliko mimi.

Mimi nimeihesabu peke yangu. Ukirudi utakuwa na thelathini na kitu. Mimi nitakuwa nimevuka hamsini, nitakuwa na mvi na nitalalamika magoti. Itakuwa mara ya kwanza miaka yetu kukaa inavyopaswa kukaa. Nitaisubiri siku moja moja, bila chombo cha kunirukisha, kama mama yako alivyoisubiri yangu. Hutalazimika kuniita chochote. Nitakuwepo tu, mtu mzima, kwenye kundi la wanaopokea.

Mama yako yuko ngazini ananiharakisha, msambazaji anaondoka. Anauliza kama umebeba soksi nzito, kwa sababu sakafu za huko ni baridi, nami ndiye niliyemwambia. Anataka kukutumia jozi pamoja na barua hii. Nimezishika hapa mkononi nikaona haya kumuuliza kama zitakutosha. Sijui unavaa namba ngapi.

Ukipata nafasi, hata kabla milango haijafungwa, niandikie namba tu. Usiandike kingine.

Aliyekuzaa